Msitu Ulitembea, Nao Wakaufuata

Kuna neno linalonikera kila ninapolikuta katika masomo ya historia: kutangatanga. Watu wa kale, tunaambiwa, walitangatanga porini wakitafuta chakula, mpaka kilimo na ufugaji vilipowatuliza na kuwastaarabisha. Nalipinga neno hilo, na shahidi wangu ni pango.

Linaitwa Enkapune ya Muto. Liko kwenye ukingo wa Mau, magharibi ya Ziwa Naivasha, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwanaakiolojia Stanley Ambrose alilichimba akakuta matabaka ya maisha ya wawindaji: zana za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000.

Hoja yangu imo katika matabaka ya juu. Miaka kama 9,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi. Nakuru na Elmenteita lilikuwa ziwa moja, na msitu ulishuka mbali bondeni. Baadaye, yapata miaka 6,000 iliyopita, ukame ukaingia. Maziwa yakanywea, msitu ukapanda mlima, na watu wakapanda nao. Ndipo pango likapata wakazi wengi zaidi. Ambrose anaeleza kwamba walipenda kukaa pale msitu unapopakana na mbuga, wapate wanyama wa pande zote mbili. Mpaka huo ulipohama, nao walihama.

Hata mbuzi na kondoo walipofika, miaka kama 4,000 iliyopita, mifupa yao pangoni ni michache mno ikilinganishwa na ya wanyama wa porini. Wenyeji waliiona mifugo, wakachukua kidogo, wakaendelea kuwinda. Je, huyo ndiye mtu aliyekuwa akisubiri kuokolewa? Anayetangatanga hajui aendako. Hawa walijua.

Utaniuliza, msomaji, kwa nini nigombane na neno. Ni kwa sababu neno hilo bado lina kazi. Mau hiyohiyo ni kwao Waogiek, wawindaji na warina asali. Sidai kwamba ni wajukuu wa moja kwa moja wa watu wa pangoni, wala sihitaji dai hilo. Nasema tu kwamba ukishafundishwa kuwa mwindaji hana kwao, hutaona ubaya kumwambia ahame.

Na waliambiwa. Oktoba 2009 walipewa siku 30 kuondoka, kwa jina la kuhifadhi msitu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao. Ilisema pia kwamba uharibifu wa Mau ulitokana na uvamizi wa watu wengine, serikali kumega msitu kwa ajili ya makazi, na vibali vya ukataji miti vilivyotolewa bila busara. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Novemba 2023, huko Sasimwani, nyumba zao zikabomolewa tena.

Wanaotetea ubomoaji huo husema tabianchi inabadilika na Mau ni chemchemi ya mito yetu. Kweli, Mau ni chemchemi. Lakini msitu huo ulipanda na kushuka kwa maelfu ya miaka huku wawindaji wakiishi kandokando yake, na bado tuliukuta. Uliomegwa kwa hatimiliki na msumeno ni huu wa jana. Tunaandaa warsha za kufundisha watu kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kisha tunawafukuza wale ambao maisha yao yameshikamana na msitu wenyewe.

Hukumu ya Arusha itekelezwe: Waogiek wapewe ardhi yao, kwa hati. Na neno kutangatanga liondolewe darasani, kwa maana mtoto wa leo ndiye atakayetia saini amri ya kesho ya kubomoa.