Tuwaachie Viwavi Majani

Jirani zangu wa Mombasa,

Mlimau wangu uliwahi kuingiwa na viwavi. Wakiwa wadogo wana rangi ya kahawia na nyeupe, utadhani ndege amenyea jani. Wakikua huwa kijani, na ukiwagusa huchomoza vipembe vyenye harufu kali. Niliwapulizia dawa wote. Mwaka ule sikumwona tena yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano aliyezoea kuzunguka uani kwangu. Ilinichukua muda kung'amua kwamba nilimuua mwenyewe, angali mtoto.

Tazameni nyua zetu. Kutoka Nyali hadi Bamburi ni miashoki iliyonyooka, nyasi fupi, bogenvilia ukutani na vitofali chini. Ni safi, zina rangi, na zimenyamaza. Kipepeo anaweza kunywa kwenye maua mengi, hata ya lantana iliyotoka Amerika na kuvamia vichaka vyetu. Kutaga ni jambo jingine: kila aina ina majani yake, na isipoyapata haizai. Wenzetu wa Gede wanalijua hili vizuri. Tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hupanda mimea ya kulisha viwavi, huwalea mpaka wajifunge, na hujipatia riziki kwa kuwauza.

Sisemi tung'oe kila kilichotoka ng'ambo. Asumini ililetwa na bahari, na nani atasuka kikuba bila asumini? Mlimau wenyewe ni mgeni. Kipepeo wetu aliupokea kwa kuwa una jamaa zake porini.

Ninachoomba ni hiki. Masika haya, kila nyumba itoe ukanda wa mita moja kando ya ukuta, na kanda hizo ziungane lango kwa lango. Nyuma ukae mlimau. Mbele tupande mishubiri, kwa mafungu ya mitano au saba, si mmoja mmoja: fungu likichanua pamoja humvuta chozi kutoka mbali, na mpita njia naye husimama. Katikati tutie mrehani, tuuache utoe maua, nyuki waujae. Waridi la jangwani, ambalo ni la kwetu na halijali mwamba wa matumbawe, lichukue pembe kavu. Ule mmea wa majani ya kijivu na utomvu mweupe unaojiotea kando ya barabara tusiufyeke wote, kwani hapo ndipo hutaga kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi. Ila utomvu wake usiingie machoni. Uwe mbali na watoto. Wenye mipasheni waache gogo kavu uani. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao ndio wanaochavusha maua yake.

Dawa za kupuliza tuziache sote kwa pamoja, maana upepo wa bahari huzipeleka hata kwa asiyepuliza. Na tukienda kwenye vitalu tuulizie miche ya kwetu. Wauzaji huotesha kinachoulizwa, na kwa miaka mingi tumewauliza miashoki tu.

Nina machipukizi ya mishubiri na mbegu za mrehani za kugawa. Njoo na kopo, siku yoyote baada ya alasiri.