Joka la Mpira

Wapo washairi wenzangu wanaozibeza filamu za bei nafuu za majoka na mapapa wala-watu. Mimi zanipendeza, na sababu yangu ni ya kisarufi.

Umbo la ukubwa katika Kiswahili lina sura mbili. Nyoka akiwa joka, mbwa akiwa jibwa, mtu akiwa jitu, hukuzwa na kudharauliwa papo hapo. (Hapa Digodigo fisi anayezengea zizi la mbuzi huitwa fisi tu, huyo hana wa kumcheka.) Sasa itazameni Sharknado ya 2013, ambamo tufani huinua papa baharini na kuwamwaga juu ya Los Angeles: kitisho kimekuzwa mno hata kikawa kichekesho. Filamu nzima ni umbo la ukubwa!

Watafsiri wa vibanda vya video, kina Lufufu wa Dar es Salaam, waliosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, walilijua hilo kwa sikio. Twawaita waharibifu wa lugha, ilhali kanda zilizobeba sauti zao zinachakaa. Tunaokusanya methali na nyimbo tuzikusanye na hizo, kabla hazijafutika.