Wa Kuogopwa Si Mbwa Mwitu
Msomaji, ukienda Ethiopia kuwatazama mbwa mwitu katika Mbuga ya Milima ya Bale, usiogope kuumwa. Wao hula panya na fuko. Ndio walio hatarini: hawafiki 500 duniani, na wengi wameuawa na kichaa cha mbwa walichoambukizwa na mbwa wa wafugaji. Ndiyo sababu wataalamu wa wanyama huwachanja mbwa vijijini.

Je, mbwa wako amechanjwa? Ni aibu kulipia safari hiyo na kumsahau wa nyumbani. Dalili zikianza, ni nadra mgonjwa kupona. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha ukimbilie hospitali upate chanjo siku hiyo hiyo.