Maji Moto Hayahitaji Programu ya Simu

Leo naweka kando mambo ya Linux na hifadhidata, nizungumzie kitu ambacho sisi waandishi wa programu hukisahau hadi kilalamike: mgongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Kwa anayeketi saa nane hadi kumi mbele ya tarakilishi, hesabu hiyo haishangazi. Ingia ofisi yoyote ya programu saa kumi na moja jioni uone walioshika shingo.

Na tiba yetu ni ipi? Vidonge. Unashuka hadi duka la dawa, unanunua ibuprofen au diclofenac, unameza, unarudi kitini. Kwa siku mbili tatu, si neno. Lakini ukizoea kumeza wiki baada ya wiki, dawa za jamii hii zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Hapo ndipo nasema tumeiacha mapema mno tiba waliyoijua nyanya zetu: kukanda kwa maji moto.

Hizi si porojo za kale. American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kilishauri kwamba maumivu mapya ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa, na joto ni mojawapo ya njia kilizotaja.

Linafanyaje kazi? Joto hupanua mishipa ya damu, damu ikaongezeka mahali palipokaza, na misuli ikalegea. Kuna na upande wa neva. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia nyingine zikipita hapo, ishara za maumivu zinazofika kwenye ubongo hupungua. Nadharia hiyo hutumiwa sana kueleza kwa nini joto hutuliza.

Siku hizi kuna mikanda ya joto yenye betri, Bluetooth na programu yake ya simu. Mimi ni mpenzi wa vifaa, lakini hapa nakataa. Mgongo haujui kama joto limetoka kwa betri ya lithiamu au kwa birika. Chukua chupa ya mpira, tia maji moto yasiyochemka, ifunge kwa taulo, iweke panapouma dakika 15 hadi 20. Stima zikipotea, jiko la makaa litachemsha maji. Hakuna nywila, hakuna masasisho.

Ila joto lina mipaka yake. Kifundo kilichoteguka leo na kuvimba, anza kwa baridi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijikande huko, maana ataungua bila kujua. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa takriban sekunde 5. Hata joto dogo likirudiwa sana lina athari: kipakatalishi kinachokaa mapajani kila siku kinaweza kuacha madoa yenye umbo la wavu kwenye ngozi. Na maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa, ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo, achana na chupa, nenda hospitali upesi.

Jambo la mwisho. Kukanda ni kama kuwasha upya seva ambayo programu yake inavujisha kumbukumbu: itatulia, kisha shida itarudi, kwa sababu chanzo hujakigusa. Chanzo chetu ni kukaa. Inua skrini ifike usawa wa macho, simama kila nusu saa, tembea kidogo.

Na waajiri nao wasikie. Kampuni hununulia seva kiyoyozi ili zisiharibike, halafu anayeziandikia programu akapewa kiti cha plastiki. Seva ikifa tunanunua nyingine. Mgongo hauna nakala rudufu.