Kinywaji Kimoja kwa Ukumbi Mzima

Miaka miwili iliyopita nilihudhuria harusi ya binamu yangu katika ukumbi mmoja jijini Dar es Salaam. Shangazi yangu, mjane mwenye umri wa miaka 72, alisafiri kwa basi kutoka Rombo ili aishuhudie siku hiyo. Mchango wake wa shilingi 100,000 alikuwa ameutuma miezi mitatu kabla, baada ya kuuza mbuzi. Aliketishwa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Alipoomba soda ya pili, mhudumu alimjibu kwamba vinywaji vya meza ile vimekwisha. Wakati huohuo meza kuu ilikuwa ikifunguliwa chupa nyingine ya mvinyo, na mshereheshaji akituhimiza tupige makofi. Shangazi alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, kumbe mimi nilichangia makofi?”

Sikuwa na jibu. Mwaka huu nilipata nafasi ya kulitafuta, kwani mpwa wangu aliolewa mwezi Agosti nami nikakabidhiwa kamati ndogo ya vinywaji. Nilipendekeza kwamba badala ya kugawa kreti kwa hadhi ya meza, tuandae kinywaji kimoja maalumu cha harusi, tukitengeneze wenyewe siku moja kabla, na kila mgeni, kuanzia meza kuu hadi mlango wa jikoni, akaribishwe kwa kinywaji hichohicho. Mijini siku hizi watu hukiita kokteli ya maharusi. Nadai kwamba jambo hili linaloonekana la anasa laweza kuwa njia ya haki.

Msomaji wangu anajua jinsi kamati ya harusi ilivyo serikali ndogo. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Inatoza kodi iitwayo mchango, na wadaiwa sugu hupigiwa simu usiku. Tofauti ni kwamba serikali hii haina mkaguzi. Katika bajeti yake, fungu la vinywaji ndilo gumu zaidi kulifuatilia. Kreti ngapi zilinunuliwa, ngapi zilifunguliwa, ngapi zilirudi kwa muuzaji, na ngapi ziliondoka kwa mlango wa nyuma? Asubuhi ya Jumapili hakuna ajuaye, na anayeuliza huonekana mchoyo. Hivyo aliyechangia kwa kuuza mbuzi na aliyechangia kwa posho ya safari hukutana katika ukumbi mmoja, lakini hawanywi harusi moja.

Katika kikao cha kwanza niliambiwa kwamba pendekezo langu ni uzungu. Niliwakumbusha wajumbe, ambao wengi wao ni watu wa Kilimanjaro kama mimi, habari ya mbege. Ndizi huchemshwa, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa ulezi uliokwisha kumeshwa. Hakuna mama aliyewahi kuanza kupika mbege asubuhi ya harusi. Kinywaji kiliandaliwa mapema, kilipimwa kulingana na ukoo utakaokuja, na kibuyu kilipita mkono kwa mkono. Kagera wanayo lubisi yao, Iringa wanao ulanzi wao, na watu wa Pwani wanazo sharubati zao zisizo na kileo. Kinywaji mahususi cha sherehe, kilichoandaliwa kabla ya siku yake, tulikuwa nacho kabla hatujajua neno kokteli. Kilicho kigeni hasa ni kuwapimia wageni soda kwa umbali wa meza zao.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: wageni wetu ni wa imani na desturi mbalimbali. Kuna Waislamu, kuna walokole, kuna madereva, kuna wajawazito, na kuna wanywaji wa kweli. Kinywaji kimoja kitawafaaje wote? Jibu lilikuwa katika namna ya kukiandaa. Msingi wa kinywaji chetu haukuwa na kileo kabisa: ukwaju, tangawizi na sukari. Kileo kilitiwa katika sehemu yake tu, ndani ya chombo cha pekee chenye maandishi makubwa, juu ya meza ya pekee, kikihudumiwa na kijana wa pekee. Rangi na ladha vilikaribiana, na glasi zilikuwa zilezile. Asiyetumia kileo hakutengwa kwa kupewa chupa ya maji kana kwamba yuko adhabuni.

Hesabu tuliifanya mezani, mbele ya wote. Wageni 200, kila mmoja glasi mbili za mililita 150, ni lita 60. Kila glasi ilihitaji mililita 70 za msingi, yaani lita 28 kwa jumla. Tulikadiria wanywaji kuwa 80. Kwa mililita 30 za Konyagi katika kila glasi, hiyo ni lita 4.8, au chupa saba za mililita 750. Nafasi iliyobaki katika glasi ingejazwa soda ya tangawizi, takriban lita 27. Kwa kuwa Konyagi ina kileo cha asilimia 35, glasi yetu ilikuwa na takriban asilimia 7, yaani kali kidogo kuliko bia ya kawaida, na hilo tuliliandika mezani pia. Chupa tulizinunua zikiwa na stempu ya kodi, kwa sababu pombe isiyojulikana ilikotoka haipaswi kuwekwa mbele ya mgeni, hata ikiwa nusu bei. Mweka hazina alisema hajawahi kuona fungu la vinywaji linaloenea katika ukurasa mmoja.

Ijumaa wanawake na vijana wa pande zote mbili za ukoo walikusanyika uani kwa dada yangu. Ukwaju ulilowekwa, ukachujwa, ukachemshwa pamoja na tangawizi iliyotwangwa na sukari, kisha ukaachwa upoe. Hatukuuweka katika masufuria ya aluminiamu, maana asidi ya ukwaju hula madini hayo na kuharibu ladha. Tuliutia katika ndoo za plastiki za chakula zenye vifuniko, zikalala ndani ya friji. Tuliuchagua ukwaju badala ya ndimu kwa sababu maji ya ndimu hupoteza harufu yake nzuri ndani ya siku moja, ilhali ukwaju uliochemshwa na kupozwa husubiri bila kununa. Ndimu tulizikata Jumamosi mchana kwa ajili ya kupamba glasi tu. Barafu tuliigandisha katika vyombo vikubwa, kwani bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na maji yake tuliyachemsha kwanza, kwa kuwa kuganda hakuui vijidudu vyote.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndipo ilipo siasa yenyewe. Kuandaa mapema si kufanya kila kitu mapema. Ni kutambua kipi kinaweza kusubiri na kipi hakiwezi. Msingi husubiri, gesi ya soda haisubiri. Sisi wenyewe tulilikosea hilo. Maharusi walichelewa saa nzima na nusu kwenye picha, na vijana wetu, kwa hamu ya kuwahi, walikuwa wamekwisha kumimina soda katika majagi 20 ya kwanza. Kinywaji kilipofika mezani kilikuwa kimepoa moto wake, kitamu lakini kimya. Kosa lilikuwa langu: nilipanga kwa kufuata ratiba iliyoandikwa, nami nimehudhuria harusi za kutosha kujua kwamba ratiba ya harusi huandikwa ili isomwe. Wenzangu walio katika utumishi wa umma, wanaoandaa bajeti kwa kalenda ambayo fedha haziifuati, watanielewa. Majagi yaliyofuata tuliyamiminia soda mezani, mbele ya mgeni.

Mwenyekiti alikuwa amehofu kwamba watu watasema tumefilisika, kwa kuwa harusi bila minara ya kreti haina heshima. Wapo waliosema, rafiki mmoja wa bwana harusi aliondoka mapema kwenda kutafuta bia. Siwezi kudai kwamba tuliwaridhisha wote, na bia chache tulizonunua zilikwisha kabla ya saa nne usiku. Hata hivyo, meza kuu haikuwa na kinywaji ambacho meza ya nyuma haikuwa nacho. Lita sita hivi za msingi zilibaki, tukazipima, tukaziandika, na asubuhi zikanywewa na waliobaki kuosha vyombo. Kilichookolewa katika fungu letu kiliingizwa katika bahasha ya maharusi, na kiasi chake kilisomwa katika kikao cha kuvunja kamati.

Nawaomba vijana mnaonisoma, hasa wanafunzi ambao miaka michache ijayo mtaketi katika kamati hizi, mwanze na swali dogo kabla ya kujadili rangi za sare: mtu aliyechangia kidogo kuliko wote atakunywa nini, naye atakinywa saa ngapi? Tumezoea kudai usawa bungeni na kwenye majukwaa, nasi twapaswa kuendelea kuudai. Lakini katika ukumbi wa harusi sisi ndio serikali, na hakuna wa kumlaumu.

Shangazi alikuja tena kwa basi. Safari hii niliamua kumpelekea jagi mimi mwenyewe. Alionja, akafikiri kidogo, akasema tangawizi imezidi. Kisha akanyoosha glasi nimwongeze.