Wenye fleti za Nyali, shusheni bei

Leo nina neno na nyinyi, na nitajaribu kulisema kwa adabu.

Ukivuka Daraja la Nyali ukashika barabara ya Malindi, Nyali, Bamburi, Shanzu mpaka unaingia Mtwapa, utaona mabango ya "Inauzwa" ambayo jua limeshakula rangi yake. Usiku angalia juu. Jengo la ghorofa kumi, madirisha yenye taa unayahesabu kwa vidole. Mtandaoni nako picha ni zile zile za mwaka juzi, kochi lile lile la kijivu, na bei haijasonga. Au imesonga juu! Ukimuuliza dalali, atakwambia soko limelala. Ukimuuliza mwenye nyumba, atakwambia tungoje uchaguzi upite. Nchi hii kila wakati ama tunangoja uchaguzi ama tunauguza uchaguzi uliopita, kwa hivyo hicho kisingizio hakitaisha leo wala kesho.

Mimi nasema soko liko macho kabisa. Limeiona bei yako, limepiga hesabu, likapita.

Tupige hiyo hesabu basi. Tuseme fleti yako ya vyumba vitatu unataka milioni 9, na fleti kama hiyo hapo hapo mtaani inakodishwa kwa 45,000 kwa mwezi. Mtu ambaye ana milioni 9 taslimu akikununulia, kwa mwaka atapata kodi ya 540,000, tena kama mpangaji hatakosa hata mwezi mmoja. Serikali itachukua asilimia 7.5 ya hiyo kodi. Bado sevisi chaji, bado kupaka rangi, bado pampu ya maji imeungua. Sasa mtu huyo huyo, Februari 2024, angeweza kuipeleka pesa yake kwenye bondi ya miundombinu ya serikali, ikamlipa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka bila ushuru wowote. Hiyo ni zaidi ya milioni 1.6 kwa mwaka, na hakuna mpangaji wa kumpigia simu saa nne usiku ati choo kimeziba. Ndiyo, riba zimeshuka tangu wakati huo. Hata zikishuka mpaka asilimia 12, bado anapata mara mbili ya kodi yako. Kwa hivyo mwenye pesa taslimu hakukuacha kwa sababu ya siasa. Amekuacha kwa sababu anajua kuzidisha.

Haya, tuje kwa mtu ambaye hana taslimu, mfanyakazi wa kawaida. Huyu aweke asilimia 20, yaani milioni 1.8, akope milioni 7.2 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20. Kila mwezi atalipa karibu 89,500. Kumbuka nyumba hiyo hiyo angeikodi kwa 45,000! Na kabla ya hapo amelipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, hizo ni 360,000, na wakili wake anangoja mlangoni. Sheria ya kazi inataka angalau theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwa mfanyakazi, na huo mshahara umeshakatwa ushuru, NSSF, SHIF, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu ambazo huenda asizipate. Niambieni, ni nani huyo pale Mombasa? Mnamjua kwa jina?

Ndiyo maana kufikia mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, kwa hesabu ya Benki Kuu. Nchi nzima, watu milioni 47.6 kwa sensa ya 2019. Ukijenga ghorofa kumi ukitegemea mnunuzi wa mkopo wa benki, unang'ang'ania watu wanaoweza kutoshea kwenye uwanja mmoja wa mpira, na wengi wao wako Nairobi.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa bara hawalioni. Mombasa ilikuwa na wanunuzi wake. Walikuwa makarani wa kutoa mizigo bandarini, wenye malori mawili matatu, mameneja wa hoteli, wenye yadi za makontena. Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa na pesa ya kuzunguka. Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo na serikali ikalazimisha makontena yapande treni kwenda kutolewa Nairobi, hao ndio waliopigwa. 2019 watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Hoteli nazo zilikuwa zimeshaumizwa na miaka ya mashambulizi na maonyo ya safari, kisha 2020 corona ikafunga milango. Septemba 2022 amri ya mizigo iliondolewa, sawa, lakini karani ambaye alifunga ofisi miaka mitatu harudi siku hiyo hiyo akiwa na milioni 9. Bei za fleti lakini zilipanda kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya mtu wa Nairobi anayetaka nyumba ya Disemba, na ndugu yetu wa diaspora aliyeoneshwa picha ya bwawa la kuogelea.

Huyo wa diaspora naye siku hizi ana binamu hapa. Binamu anakuja na simu, anafungua mfereji, anarekodi: maji ya chumvi! Mombasa imetegemea maji ya Mzima tangu miaka ya 1950, mji ukakua mara nyingi, na mfereji wa kaunti ukaendelea kutoa maji kwa siku zake maalum. Kwa hivyo jengo linachimba kisima, kisima kinatoa maji yanayokula mabomba na kuacha doa la kahawia kwenye sinki ya "kisasa". Maji ya kunywa yananunuliwa kwa mitungi. Sehemu kubwa ya upande huu haina mabomba ya maji taka, kwa hivyo shimo likijaa linaitwa lori la kunyonya, na harufu yake haimo kwenye brosha. Hayo yote yanavumilika kwa nyumba ya milioni 5. Kwa milioni 9 mtu anataka aoge maji baridi yasiyo na chumvi. Amekosea?

Halafu tuzungumzie karatasi. Sheria ya 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake, siyo mnunuzi kupewa mkataba wa kupangishwa huku kiwanja kizima kikibaki kwenye hati moja ya mwenye jengo. Lakini bado unakuta mtu anauza na hiyo hati moja iko benki, imewekewa mkopo. Pwani hapa tunajua hadithi za ardhi kuliko mtu yeyote, bibi zetu wamezeekea kwenye nyumba zao wenyewe zilizosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine wakilipa kodi ya udongo. Usimlaumu mtoto wa nyumba hiyo akitaka kuona hati kwanza. Kenya watu wanaandika ukutani "Shamba hili haliuzwi" wakiogopa matapeli, na wewe unataka milioni 9 kwa nakala ya WhatsApp.

Sasa swali ambalo wengi hawaulizi: mbona bei haishuki? Nyanya zisipouzika Kongowea, kufikia saa kumi jioni zimeshashuka bei. Fleti haiozi, au mwenyewe anadhani haiozi. Wengi wenu mmejenga kidogo kidogo kwa pesa zenu, hakuna benki inayowasukuma. Nyumba ikikaa tupu haiwalipishi chochote cha kuuma, maana kaunti kwa kawaida inaangalia kiwanja na haijali kama juu yake kuna watu au popo. Kisha jirani alisema aliuza milioni 12 mwaka fulani, hakuna aliyeona risiti, lakini tangu siku hiyo mtaa mzima bei ni milioni 12. Mthamini akija, mauzo ya kweli ni machache, kwa hivyo na yeye anachungulia bei za matangazo. Bei inajizaa yenyewe.

Hata mnada haisaidii. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamlinda mwenye nyumba: benki ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa haikutimiza wajibu wake, na mtu anakimbia kortini. Ulinzi mzuri, sina shida nao. Lakini kama hiyo "bei ya soko" imetoka kwa hadithi ya jirani, utaona nyumba ile ile kwenye tangazo la gazeti, mnada wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ongeza kwamba tangu Januari 2023 ushuru wa faida ya mauzo ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 15, na kila muuzaji akaamua mnunuzi ndiye ataulipa. Mnunuzi hakuambiwa, au aliambiwa akacheka.

Msiniambie watu hawana pesa. Nendeni Kikambala, nendeni Utange, nendeni ndani ndani Mtwapa Jumamosi asubuhi. Mafundi wako juu ya kuta, lori za mchanga zinapishana, maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa. Mwalimu na mkewe wamechukua mkopo wa sacco, wamenunua ploti ya hamsini kwa mia, wamejenga vyumba viwili, wamehamia bila plasta. Hao ndio wateja wenu waliopotea. Wangependa sana kuwa karibu na mji, watoto wasiamke saa kumi alfajiri kushindana na foleni ya Mtwapa. Mliwaambia milioni 9. Hata kampuni ya kitaifa ya kufadhili mikopo ya nyumba ilipoanza, ilikubali mikopo ya hadi milioni 4 Nairobi na viunga vyake, na milioni 3 kwingineko, Mombasa ikiwemo. Viwango vimepandishwa baadaye, lakini ilikuwa inawaonesha mshahara wa watu ulipo. Nyinyi mkaweka lifti na jimu.

Najua jibu: "Saruji imepanda, chuma kimepanda, nilitumia pesa nyingi." Naelewa, mzee wangu, na pole. Ila mnunuzi halipii jasho lako, analipia nyumba. Ungelijenga kwa nusu ya gharama usingempunguzia hata shilingi, kwa hivyo usimletee hasara yako pia.

Kwa hivyo toeni hati kwa kila fleti. Andikeni bei kwenye tangazo, muache hiyo "njoo inbox". Anayelipa kodi ya 45,000 miaka miwili bila kuchelewa, kaeni naye mkubaliane alipe pole pole mpaka iwe yake, kwa mkataba wa wakili. Na muanze mazungumzo kwenye milioni 6, siyo 9.

Na kama mnaona heri zikae tupu tu, kumbukeni ziko mita mia chache kutoka baharini. Upepo wa chumvi haungoji uchaguzi. Vyuma vya roshani vimeshaanza kutoa kutu, nimeviona kutoka barabarani, na mnunuzi akija ataomba apunguziwe kwa hiyo kutu pia.