Kubana matumizi: Chai ya semina ikatwe, boma la Simiyu lisiachwe bila paa

Kila Serikali inapotangaza kufunga mkanda, mwananchi wa Bariadi ana swali moja: mkanda unafungwa kwenye kiuno cha nani?

Hesabu zenyewe hazina utani. Ripoti ya CAG ya mwaka 2023/24 ilionyesha deni la Serikali limefika Sh97.35 trilioni Juni 2024, kutoka Sh82.25 trilioni mwaka mmoja kabla. Kwenye bajeti ya 2025/26 ya Sh56.49 trilioni, Sh14.22 trilioni zilitengwa kulipa deni. Yaani katika kila Sh1,000, karibu Sh250 zinakwenda kwa wadai kabla halijanunuliwa dawati hata moja.

Serikali inasema deni ni himilivu. Sawa, lakini himilivu maana yake linalipika, siyo kwamba haliumi.

Siyo kila mkopo ni mbaya

Simiyu inaona faida. Reli ya SGR ya Mwanza–Isaka inapita Malampaka, wilayani Maswa. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani humo unategemea fedha za nje na mchango wa Serikali yenyewe. Ukikata mchango huo kwa jina la kubana matumizi, bomba linasimama njiani.

Kinachokatika kirahisi

Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, na Sh4 bilioni zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco–Mwenge, Dar es Salaam. Septemba 2022, baada ya kelele za tozo za miamala, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alisema Sh500 bilioni zingepatikana kwa kupunguza chai, vitafunwa, safari na semina.

Hatua hizo zina maana. Ila linganisha: Sh500 bilioni hazifiki hata asilimia 4 ya zile Sh14.22 trilioni za deni. Chai peke yake hailipi deni.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mishahara lazima ilipwe, na wadai hawasubiri. Kinachobaki cha kusogezwa mbele ni hela ya maendeleo, kwa sababu hakuna bosi anayepoteza kazi darasa likikosa bati.

Boma linalosubiri

Vijijini utaratibu unajulikana. Wananchi wanachanga, wanasomba mawe na mchanga, wanainua boma la darasa au zahanati, kisha wanasubiri Serikali imalizie. Hela ikichelewa misimu miwili mitatu, mvua inakula kuta na gharama inaanza upya.

Kwa mkandarasi ni hivyo hivyo. Asipolipwa kwa wakati anadai riba, na CAG amelisema hilo kwenye ripoti zake zaidi ya mara moja. Kwenye makaratasi mwaka huu inaonekana Serikali imeokoa hela. Ukweli ni kwamba imekopa kwa mkandarasi bila kusema.

Halmashauri za Simiyu nazo hazina pa kukimbilia. Ushuru wa mazao, hasa pamba, ni tegemeo kubwa, na pamba inategemea mvua na bei ya soko la dunia. Msimu ukiwa mbaya huku Dodoma ikichelewesha fedha, mkoa unapigwa pande zote mbili.

Kipimo cha kweli

Kubana matumizi ni kuacha kununua kisichohitajika: magari ya kifahari, safari zisizo na tija, semina zinazoweza kufanyika kwa simu. Kuchelewesha malipo ya kazi iliyokwishafanyika siyo kubana, ni kuongeza deni.

Kwa hiyo safari ijayo mkanda ukitangazwa, madiwani wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wana maswali mawili ya kuuliza kwenye baraza: hela iliyookolewa imekwenda wapi, na ni mkandarasi gani bado anatudai?